Wakili Aliyesahau Wasia Wake

Kumbukumbu ya Mheshimiwa Naftali Mogere

Mwaka umekwisha, Baba Bravin, tangu utuage asubuhi ukienda kwenye Bunge la jimbo, huku ughaibuni Saint Paul, na usirudi. Moyo ulisimama ghafla, ndivyo walivyotuambia. Mkeo Lois bado hujisahau akasonga ugali wa watu wanne, kisha akautazama tu.

Ulikuwa askari kabla hujawa kitu kingine chochote. Ulipigana Iraki ukiwa katika jeshi la huku, ukarudi, ukasomea sheria huku ukibeba mizigo ghalani Shakopee, ukawa wakili pale Fridley, na mwisho majirani wakakuchagua ukawatungie sheria. Lakini uaskari haukukutoka. Kila Jumamosi ulipanga viatu vya nyumba nzima mlangoni ukavipiga rangi, hata vya wageni! Mgeni akitaka kwenda, asubiri vikauke.

Sisi wa nyumbani mwako ulituita waheshimiwa. Tukigombana, hata kwa ajili ya rimoti, ulisema tupige kura, na aliyeshindwa anyamaze.

Uliwaandikia wasia watu wetu wengi, ukawakaripia waliochelewa. Wewe mwenyewe, lo, hukuacha hata neno! Mganga hajigangi. Tukakaa jikoni hatujui tukuzike wapi. Mama yako na ndugu yako Nahashon, kwenye simu kutoka Kisii, walitaka urudi nyumbani.

"Mtu hazikwi ugenini," Mama alisema.

Watoto wakataka ubaki. "Dad abaki hapa, please," Kwamboka alilia.

Wawili kwa wawili, ikabaki kura ya Lois. Akasema ubaki. Hakuwa na hoja yoyote ya kisheria. Alishindwa tu kukuachia uende mbali naye.

Mama yako akakata simu. Akakataza jina lake lisiandikwe kwenye tangazo la mazishi, na mwaka mzima Lois akipiga, hapokei. Uchungu huo umemkondesha mkeo, Naftali, tusikufiche.

Jumapili iliyopita Lois alikuwa kwako, kwenye makaburi ya wanajeshi, simu ikalia. Ni Mama, kwa video.

"Nionyeshe alipolala."

Lois akageuza simu. Mama aliliangalia jiwe lako, kisha akalia, na Lois naye akalia.

"Nani anamwondolea hiyo theluji?"

"Mimi, Mama. Kila nikija."

"Kwa mikono mitupu?"

"Ndiyo, Mama."

"Utaugua, mwanangu. Vaa glavu." Akajipangusa macho. "Mkiandika tangazo la mwaka, mniandike. Mimi ndiye niliyemzaa."

Tumemwandika wa kwanza.

Wanaokulilia na kukukumbuka: mama yako, Yunia Kerubo, mkeo, Lois, wanao, Bravin na Kwamboka, na ndugu yako, Nahashon.

Pumzika, Baba Bravin. Kukusahau hatuwezi, leo wala milele.