Resau iko muzuri

Sake, siku ya tatu

"Resau ya simu iko muzuri, Mama. Zima simu, uiwashe tena." Ule mutu wa kampuni ya simu hana haya! Njo wao walifunga WhatsApp siku ya Mungu, na mega zangu za internet bado wanakula.

Leo kwa soko Mama Kavira, mwenye kuuzisha majani ya sombe pembeni yangu, akanipa VPN ya kufungua WhatsApp, kwa bluetooth, vile tunaombanaka makala ya kuwashia moto.

WhatsApp ikafunguka. Sauti ya mudogo wangu Furaha, aliituma siku ya Mungu, mbele ya wao kufunga: "Dada, tunakimbia vita, tunatoka Kashuga na watoto. Utungojee kwa bariera ya barabara, hapo Sake."

Siku tatu napita kwa ile bariera bila kuangalia mutu, nimemununia Furaha juu hakujibu mesaji zenye nilimutumia mbele ya wao kufunga.