Uso Wangu Kwenye Mkono wa Ezekia

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Ezekia wangu karudi kutoka Dar. Fundi kamili wa kuchomelea, cheti kina muhuri. Na kanenepa. Wakati wa kunawa tule akakunja shati — mkono una tatuu! Nikashika kichwa. Kuangalia vizuri, kumbe ni mimi. Sura yangu yote, ile ya picha ya kipaimara chake, mpaka mwanya wangu wa mbele. Nikalia kidogo. Halafu nikamwambia asogee dirishani nijione vizuri.

Mpanda hii nani mwingine kachorwa na mwanae? Ajitokeze.

Shida ni baba yake. Benedikto ni mzee wa jumuiya. Mwaka juzi mtoto alinyoa kiduku tu, akafukuzwa, mwezi mzima akala kwa shangazi yake Usevya. Sasa hivi mzee yuko kwenye mizinga yake ya nyuki Ugalla, anarudi Jumatatu. Nimemwambia Ezekia asiogope. Baba yako atamfukuzaje mke wake? Akiona nilivyopendeza ataishiwa maneno.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tatuu ina wiki moja tu, ni kidonda bado. Fundi wa Dar kampa masharti: aoshe kwa sabuni isiyo na manukato, apake mafuta kiduchu, asijikune, asibandue kitu, na jua lisiiguse kabisa. Losheni ya kuzuia jua asipake mpaka ipone. Sasa hivi kitambaa tu, tena kisibane.

Na jua la mwezi huu, bati linalia saa nne asubuhi.

Ezekia anasema hata iliyopona jua linaila. Nikamkumbuka Abednego wa bodaboda pale kona. Alichora tai begani, kila siku anavaa singlendi. Tai kapauka, ukimwona utasema kuku wa broila. Mimi niwe hivyo? Nimekata kitenge changu cha zamani, nimemshonea mkono mpana wa kuning'inia. Kapendeza.

Jumamosi, 5 Oktoba

Kwa kile kitenge watu wanadhani kavunjika mkono. Kila tunakopita, pole Mama Ezekia, pole na mgonjwa. Nitanyamazaje? Nikawa nawafunulia. Bombani, sokoni, pale wanapouza mchele. Kama watu kumi na wawili hivi. Bernadetha wa mgahawa kaniambia nimetoka kama mke wa mbunge.

Tumerudi saa nane. Ezekia kanuna. Anasema, "Mama, nimekimbia jua la Mungu, kumbe jua lenyewe ni wewe."

Jumapili, 6 Oktoba

Uso wangu unababuka.

Shavu linatoka vipande kama rangi ya ukuta. Pua imevimba nyekundu. Mdomoni kuna kigaga kinene, mwanya wote umefunikwa. Mwanaiddi wa duka kauchungulia mkono wa Ezekia, akasema, "Mama Ezekia, shoga yangu, acha hizo krimu." Nimemwambia siku wanawe wakimchora na yeye aje tuongee.

Lakini nimeogopa. Mwanya ndio niliokuwa nautegemea. Benedikto alinioa kwa huo mwanya, alisema mwenyewe mbele ya mjomba. Sasa ataona nini? Ezekia ameanza kupanga nguo kwenye begi. Nimezitoa. Kazirudisha.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kaja. Hajatua hata ndoo za asali, kauliza kitenge kile cha nini. Ezekia akavua. Mzee akatafuta miwani, akaivaa, akaushika mkono kama anakagua sega.

"Huyu ni nani?"

"Mama."

"Mwanya wake uko wapi?"

"Upo chini ya kigaga, Baba. Mpaka kidondoke chenyewe. Kikibanduliwa, na wino unatoka."

Benedikto akanitazama mimi. Akautazama mkono. Mimi nikatabasamu mwanya wote, asije akasahau ulivyo.

"Nikishauona ndio nitasema la kusema," akasema. "Na wewe toka hapo juani."

Alhamisi, 10 Oktoba

Begi bado liko mlangoni. Kigaga kimeanza kunyanyuka upande mmoja. Benedikto hajaenda kwenye kikao cha jumuiya, anasema mgongo. Wamekaa barazani wote wawili tangu asubuhi. Jua limezunguka, limewafikia miguuni. Mzee kavua ile kofia yake pana ya kurinia asali, kaishika juu ya mkono wa mtoto. Nimempelekea kigoda aegemeze kiwiko, kakataa, anasema hajachoka.