Mama Mukwe, Shika Upande wa Ndani

Mama mukwe wangu mpendwa,

Nianze kwa kuomba radhi, maana leo nasema nawe moja kwa moja, bila mtu wa katikati. Miaka yote niliyokaa na binti yako Mwamini sikuwahi kukutazama usoni wala kukupa mkono. Ndivyo tulivyolelewa, nyinyi Kabambare na sisi Kasongo: mukwe na mama mukwe wanaheshimiana kwa mbali. Ukiingia mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Nilikujua zaidi kwa mgongo na kwa kikohozi, kile kikohozi chako cha kunipa taarifa ili niwahi kukimbia. Sasa umetutoka, na barabara ya kwenu na mvua hizi ilinifikisha kaburi likiwa limeshafunikwa. Basi naandika. Barua haina macho.

Nataka kukukumbusha lile sanduku la samaki. Najua hukulisahau.

Mfanyabiashara mmoja wa Salamabila alikuwa anahama, akaniachia sanduku lake la kioo, na samaki wake ndani ya ndoo, kwa sababu nilimtengenezea jenereta. Motari aliyenibebea kwa pikipiki yake alilifunga katikati ya magodoro mawili, akaendesha polepole mpaka Kasongo, akateremka akitetemeka. "Nimebeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa," akasema, "lakini hii? Akaa! Usiniite tena." Nikaliweka sebuleni. Nikalala na furaha ya mtoto wa sikukuu.

Mbavuni, karibu na ukingo, kioo kilikuwa na tundu. Kwa ndani, mbele ya tundu, panatakiwa kisanduku kidogo cha kupokea maji yaliyozidi. Maji yakipanda yanamwagikia humo, yanatoka tunduni kwa bomba, yanashuka kwenye pipa lililo chini, na pampu ndogo ya sola inayarudisha juu. Maji yanazunguka, samaki wanapumua. Kisanduku chenyewe kilikuwa kimepotea njiani. Nikakata bidon, lile dumu la manjano, nikatengeneza changu, shingo yake ipite tunduni na nati iikaze kwa nje. Mpira wa kuziba nikaukata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Mimi fundi wa mapikipiki, mama, nilidhani mtu anayeweza kuzuia petroli hawezi kushindwa na maji.

Maji yalinicheka. Mara ya kwanza niliweka mpira upande wa nje, chini ya nati. Nilipokaza nati, mpira ukajisokota kama nguo inayokamuliwa, na pipa zima likaishia kwenye gunia la mchele. Nikauhamishia ndani, nikakaza kwa ufunguo wa pikipiki kwa hasira zote za mwanaume aliyechekwa na mke wake. Mpira ukachomoka pembeni. Nikapaka gundi ya viraka, nikapaka sabuni, nikapaka utomvu wa mti ambao mpaka leo silijui jina lake. Safari hiyo maji yakafika kitandani. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Hao hawajakaa kwangu. Mimi niliyazoa kwa ndoo, kwa matambara, na kwa shati langu la kanisani.

Mwamini alifunga mzigo wake. "Mi niliolewa na mwanaume," akasema, "sikuolewa na muto." Akachukua watoto, wakapanda pikipiki, wakaja kwako.

Nilibaki na samaki. Nilisonga bukari, ugali wetu, ikawa na mabonge, nikaila nikiwatazama, nao wakanitazama. Nilimpigia Mwamini simu, akapokea mtoto, akaniambia mama yupo shamba. Nikapiga jioni, akaniambia mama bado yupo shamba. Mama yangu! Shamba gani hilo lisilo na njia ya kurudi? Nilikuwa nampoteza mke kwa sababu ya nati moja, na niliogopa kweli.

Ndipo ulipokuja. Ulikuja na Riziki, mtoto wa dada yako, awe mdomo wako. Ulisimama mlangoni umenipa mgongo, Riziki akasema kwa sauti ya hakimu: "Mama anasema mutoto wake harudi mu nyumba yenye kunyesha ndani. Amekuja kuangalia kwa macho yake. Motari anarudi kesho asubuhi, ni yeye atabeba jibu." Halafu ukamtuma sokoni kununua chumvi. Riziki na soko unawajua mwenyewe, akienda harudi upesi.

Ukaingia ukadhani nimeshatokea mlango wa nyuma. Nilikuwa nimenaswa. Mkono mmoja ulikuwa majini unashika kile kisanduku, mwingine nje unatafuta nati, kichwa kimelalia kioo. Ukakohoa. Kwa desturi ningepaswa kukimbia, lakini nikiachia, maji yote yanakuja miguuni kwako. Majirani wote walikuwa shambani wanavuna mpunga. Ukakohoa tena, kwa ukali. Sikutoka. Nikageuzia uso ukutani, na wewe ukageukia mbabula, lile jiko la makaa lililokuwa pembeni.

"Weye mbabula," ukasema, "muulize ule mutu anafanya nini."

Ee Mungu wangu. "Mbabula, muambie mama ndani panataka mutu wa kushika, mimi nikaze inje. Mikono yangu haifiki."

Mbabula ikanyamaza. Kisha nikasikia unavua kitenge cha mabegani, unakitundika juu ya kioo kati yetu, unakunja mkono wa nguo.

"Mbabula, muambie asichungulie."

"Mbabula, muambie mama nimefunga macho."

Ukaingiza mkono majini, ukapiga kelele. "Yoo! Kuna kitu kinaniuma!"

"Mbabula, muambie mama ni samaki tu. Hawaumi, wanabusu."

"Basi uwaambie mimi ni mujane, lakini si hivyo!"

Nilicheka mpaka maji yakaruka. Nilisikia mgongo wako pia unacheka.

Tukaanza kazi, na kazi ikagoma. Nikikaza nati kwa huku, kisanduku kinazunguka kwa huko. Nikisimama, kinasimama. Nikijaribu tena, kinanifuata tena. Nilitokwa jasho kabla sijaelewa: ulikuwa unaniheshimu! Kila nilipovuta, ulinifuata kwa adabu, kwa sababu mama mukwe mwenye heshima hashindani na mukwe wake. Nami kila nilipohisi unakaza kidogo, nililegeza, kwa sababu mukwe mwenye heshima hamvuti mama mukwe. Tungeweza kuheshimiana pale mpaka mpunga uishe shambani, na maji yanatiririka.

"Mbabula," nikasema, "naomba radhi kabla ya kusema. Muambie mama asinifuate. Anikatalie."

Nadhani tangu dunia iumbwe hakuna mukwe aliyeomba kitu hicho.

"Nimukatalie?"

"Kwa nguvu, mama."

"Akisema kesho kwamba nilimukatalia?"

"Sitasema, mama. Mke wangu yuko kwako. Nikatalie tu."

Hapo nilikuwa nimeisahau mbabula, nimekujibu moja kwa moja, kitenge katikati. Ukakohoa kile kikohozi cha kumfukuza mbuzi. "Mbabula," ukasema, "leo hii nyumba iko na sauti haina mutu." Lakini hukutoa mkono.

Halafu ukakataa. Weee! Mkono ule uliotwanga muhogo miaka yote, uliolea watoto na wajukuu, ulishika kile kisanduku kikawa kama kimepigiliwa. Nikaweka ufunguo chini, nikakaza kwa vidole tu. Nati ikauma. Mpira ukalala sawasawa kwenye kioo. Maji yaliyokuwa yanateremka ukutani yakapungua, yakakonda, yakawa matone, nayo matone yakaanza kufikiria. Ukakausha mkono, ukachota majivu ya mbabula, ukayanyunyiza sakafuni chini ya tundu yakawa meupe kama unga. "Kesho asubuhi majivu yatasema," ukaiambia mbabula, ukaenda kulala kwa dada yako wa hapa Kasongo, maana chini ya paa la mukwe hulali.

Asubuhi niliamka nikaenda moja kwa moja. Katikati ya majivu palikuwa na doa moja bichi, dogo kama punje ya hindi. Ufagio ulikuwa mkononi mwangu, nikaufikiria, na ndipo ukakohoa mlangoni. Nilikimbilia nyuma ya pazia kama kawaida yetu. Nje motari alikuwa anapiga honi. Nilikusikia unaingia na Riziki, unainama juu ya majivu. Nikawa naagana na Mwamini kimoyomoyo.

"Riziki, muambie nimeona tone."

"Mama anasema ameona tone," Riziki akasema, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Muambie tangu niolewe sijalala mu nyumba haivuji. Ya baba yake Mwamini ilivujia juu, hii inavujia chini. Lakini marehemu alikaza peke yake mpaka akafa. Hakuniambia hata siku moja, njoo unishikie. Huyu ameomba." Ukageukia mlangoni. "Motari aende alete mutoto wangu."

Riziki alirudia yote, neno kwa neno. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nalia, wala sikujua nijibu kwa mdomo wa nani.

Alirudi, mama. Lile tone tulilimaliza wawili, kwa mpira mpya. Yeye akashika ndani, mimi nje. Mwamini sikumfundisha kunikatalia, hilo alikuja nalo toka kwako. Samaki wamezaa. Watoto wa mtaa wanakuja kuwatazama wakitoka shule, na nyumba imekauka, godoro limekauka, hata mchele.

Ila tangu turudi kutoka msibani kwako, yeye ndiye anayevuja. Anapepeta mchele, machozi yanaanguka kwenye ungo. Anafua, analia. Na hujui anavyojificha: anajipangusa haraka nikiingia, anacheka kwa nguvu, ananiuliza nati za pikipiki zinaendeleaje, yeye asiyejua nati ni nini. Nilikuwa namwacha kwa heshima. Nilidhani huzuni ya mama yake si mahali pa mukwe.

Jana nilimkuta jikoni ameinamia sufuria, mabega yanatetemeka. Akaanza kujipangusa. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Wacha yamwagike, Mwamini. Nimeshika."

Pumzika, mama. Pokea heshima yangu kwa mgongo, kama tulivyozoea.

Mukwe wako,
bwana wa Mwamini, Kasongo