Sanduku Nililoshindwa Kulifungua

Karakana ya Mabango,
Nyuma ya Stendi ya Mabasi,
S.L.P. 214.
9 Juni

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko uliko, na miguu yako inazistahimili vipi zamu za wodini? Sisi hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi haukubali nipande ngazi bila kunung'unika. Mama yako ni mzima. Juzi alipita karakanani akanikuta nakula chakula cha mchana saa kumi, akanisema mbele ya wateja. Dada yangu hajabadilika.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimezoea kurasa zako zijae mpaka pembeni, ndiyo maana tukakuita Chiriku. Safari hii mistari sita tu. Unasema zile rangi nilizokutumia ulizizimua kwa maji zikakataa kuchanganyika, picha ikakaa wiki tatu bila kukauka, mwisho ikachafua sare yako ya kazini. Kisha ukaandika, "Mjomba, nimekubali, sina mkono wa kuchora. Brashi nitampa mtu." Niliposoma hapo niliweka brashi chini. Bango la fundi viatu likabaki FUNDI VIA hadi mwenyewe akaja kuuliza.

Mpwa wangu, kosa si lako.

Ulichoniomba nakikumbuka vizuri. Ulitaka rangi za maji za kujifunzia, brashi mbili na karatasi, upate kitu cha kutuliza akili ukitoka kazini. Uliomba sawasawa kabisa. Anayeanza anahitaji rangi inayokauka upesi na kusafishika kwa maji ya bomba, na karatasi ya bei ndogo asiyoogopa kuiharibu. Mimi mwenyewe fundi wangu alinichoresha kwa mkaa mwaka mzima kabla hajaniruhusu kugusa kopo la rangi. Nayajua hayo kwa miaka thelathini, na bado nikakutumia sanduku la rangi za mafuta za mabingwa, na turubai lake la kuchorea, bila tapentaini ya kuzizimulia kwa kuwa posta hawaipokei, bila hata kikaratasi cha maelezo. Kwa mama yako nikajisifu kwamba chanda chema huvikwa pete.

Sasa nikuambie ukweli, maana sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sanduku lile sikulinunua kwa ajili yako. Nililinunua miaka kumi na moja iliyopita, kwa ajili yangu. Nilichoka kuandika maneno ya watu, nikataka kumchora mama, bibi yako, akiwa kwenye cherehani yake. Kila nilipotaka kulifungua mikono ilikuwa mizito, nikalirudisha juu ya kabati. Bibi yako akafariki likiwa bado huko juu. Barua yako ya kuomba rangi ilipofika niliona njia ya kuliondoa machoni pangu, na papo hapo nionekane mjomba mkarimu. Nilikutwisha woga wangu, nawe ukadhani ni upungufu wako. Naona haya sana. Nisamehe.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake mna rangi za maji za wanafunzi, brashi moja nene na moja nyembamba, na karatasi thelathini. Usinunue brashi nyingine hata muuza duka akikubembeleza, hizo zinatosha. Anza na kikombe chako cha chai. Zile za mafuta zifunge vifuniko vizuri uziweke, mkono ukikomaa utazitaka.

Rangi hizo za wanafunzi nilinunua pakiti mbili. Ya pili iko mezani kwangu, na tangu Jumanne nimeshaharibu karatasi nne. Karatasi ya kwanza nimekuwekea kwenye bahasha hii. Ni cherehani ya bibi yako, ingawa mama yako aliitazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza kama ni mbuzi. Icheke kwanza. Halafu haribu ya kwako moja uniletee, nizibandike zote mbili ukutani hapa karakanani, pale wateja wanapoona.

Mama yako na binamu zako wote wanakusalimu. Nisalimie yule muuguzi mwenzako unayepanga naye, na sare yako iliyochafuka ni juu yangu. Mungu akulinde na akupe wepesi wa mikono na wa moyo.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
na mwanafunzi mwenzako.