Kitabu cha Mishale

Jumatatu, 22 Aprili

Barafu shingoni, dakika ishirini. Barafu gotini, dakika ishirini. Mama kalalamika tena kwamba friji imejaa barafu yangu na samaki wake hawana pa kukaa. Ana haki. Nyumba ya vyumba viwili hapa Kilburn haikujengwa kwa mtu wa kilo mia na ishirini na tano.

Mazoezi mabaya. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi mara mbili. Nikigongwa upande ule, kitu kama umeme hushuka kutoka shingoni mpaka vidoleni, kisha mkono unaning'inia tu. Baada ya dakika moja unarudi. Sijamwambia mtu. Nikimwambia daktari wa timu atamwambia kocha, na kocha atamtuma Ray.

Kesho Jumanne. Siku ya Ray. Mama kapika mchuzi wa papa na mimi nimeuchezea tu kwenye sahani.

Jumanne, 23 Aprili

Ray amepita. Hakusimama kwangu. Alhamdulillahi.

Niandike vizuri, maana siku moja nitasahau ilivyokuwa. Ray ni mzee wa Kimarekani, mpole, mtunza vifaa wa timu. Siku sita za wiki hugawa soksi. Siku ya saba, yaani Jumanne asubuhi, huingia chumba cha kubadilishia nguo na karatasi mfukoni. Akigonga kabati lako mara mbili, umekwisha. Maneno yake ni yaleyale: "Kocha anakuita. Njoo na kitabu."

Kitabu ni cha mbinu. Kila mchezaji ana chake, kina namba, na ni siri. Ukikipoteza unafukuzwa siku hiyohiyo. Timu ikikuchoka huchukua kitabu kwanza, mkono wa kwaheri baadaye. Ndivyo ulivyo mpira wa Kimarekani, uchezwe Marekani au uletwe huku London. Nimecheza miaka saba. Nimegongewa Marekani mara tatu, Kanada mara moja, milango ya hoteli yote. Vitabu vinne nimerudisha. Hiki cha tano.

Leo aligongewa jirani yangu wa kabati. Alikuwa amekula nusu ya ndizi, nusu nyingine akaiacha kwenye benchi. Nilimhurumia. Nilifurahi pia kwamba si mimi. Siku za Jumanne mimi si mtu mzuri.

Wiki ijayo wanakuja wawili wapya kutoka Marekani. Maana yake wawili watatoka.

Jumatano, 24 Aprili

Mama kafagia chumba changu. Nilimwambia asifagie. Baadaye kaniuliza jambo la ajabu.

"Nassor, una ugomvi na mtu?"

"Sina."

"Kuna mtu ana ugomvi na wewe?"

Nikacheka. Nikamwambia nina ugomvi na watu kumi na mmoja kila Jumamosi, ndiyo kazi. Hakucheka. Aliniangalia kama anavyoangalia maziwa aliyoyashuku.

Hajawahi kuniona nikicheza. Hataki. Miaka yote hii amewaambia watu wa Unguja na wa hapa kwamba mwanawe yuko Marekani, anasoma. Mwanzo ilikuwa kweli. Nilikuwa natupa tufe shuleni hapa London, chuo kimoja cha kule kikanichukua kwa ajili ya tufe, na kocha wao wa mpira aliponiona nikiingia mlangoni, habari za tufe zikaishia hapo. Chuo nilimaliza. Mama hakumaliza kusema nasoma. Nina miaka thelathini, mwanafunzi mwenye mvi mbili kidevuni.

Alhamisi, 25 Aprili

Kitabu hakipo.

Nilikiweka chini ya godoro kama kawaida. Hakipo. Nimeinua godoro, nimeinua kitanda, nimetoa nguo zote. Nimerudi uwanjani kuangalia kabati. Nimeuliza kwenye basi kama kuna kitabu kimeokotwa. Mama alikuwa ametoka tangu asubuhi.

Mwenye shingo mbovu anaweza kuificha shingo. Aliyepoteza kitabu hana la kuficha. Sitaki kuachwa kwa sababu ya uzembe. Mara nne nimeachwa kwa sababu sikutosha, na hilo nilijifunza kulimeza. Hili silimezi.

Ijumaa, 26 Aprili

Kikao cha asubuhi nilikaa nyuma kabisa na kufungua shajara hii mbele yangu. Kocha akisema ukurasa wa arobaini, nami nafunua. Nilikuwa nachora samaki. Hakuna aliyegundua.

Nilipopita nyumbani kuchukua mkoba, maana leo timu inalala hoteli, nikamwuliza Mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kitabu kipo pahala pema."

"Wapi?"

"Kwa Maalim Khatibu."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko. Maalim Khatibu yuko Thornton Heath, ng'ambo ya pili ya mji. Alifundisha hisabati Unguja kabla ya Mapinduzi, sasa ni mzee mstaafu, na watu wetu humpelekea kila wasichokifahamu, kuanzia barua za serikali mpaka ndoto. Mama kapanda treni mbili na basi kumpelekea siri za timu.

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa nini? Nainua godoro nibadilishe shuka, nakuta kitabu kimefichwa. Nakifungua, naona maduara, misalaba, mishale. Na katikati jina lako, mwanangu, kwa wino mwekundu! Kila ukurasa! Ramli ile. Mtu kakutegea, nimesema, na mkono wako ule unaouficha ndio dalili."

Jina nililiandika mwenyewe, kwa kalamu yangu nyekundu, ili nijione upesi. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kipo! Hakikupotea, kipo! Halafu nikafikiri juu ya neno lake. Mkono ninaouficha.

Nilimpigia Maalim simu. Kasema bado hajamaliza kusoma, tuende Jumapili. Ati hajamaliza kusoma.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumeshinda. Mvua, nyasi zinateleza, watu wengi kuliko nilivyotegemea.

Robo ya tatu walinigonga wawili pamoja, mmoja kifuani na mmoja chini ya kidevu. Umeme ukashuka mikono yote miwili. Nililala uso kwenye nyasi nikasubiri. Ule wa kulia ulirudi. Wa kushoto haukurudi. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na watu walikuwa wanapiga makofi kwa sababu mwenzangu wa nyuma alikuwa amemwangusha mwenye mpira.

Nikainuka. Nikacheza mpaka mwisho kwa mkono mmoja. Ujinga mtupu. Nauandika hapa ili nisije kuuita ushujaa.

Jumapili, 28 Aprili

Thornton Heath na Mama. Kavaa kanga mpya chini ya koti, kama anakwenda kusikiliza hukumu.

Maalim ametuandalia kahawa na kashata. Kitabu kilikuwa mezani. Kimevishwa karatasi ya kaki, kingo zimekunjwa sawasawa, kama tulivyokuwa tukivisha madaftari ya shule. Juu yake kaandika jina langu kwa mwandiko wa ubaoni. Kasema hawezi kukaa na kitabu kilicho uchi.

"Si ramli, Bi Zuwena."

Mama alishusha pumzi mpaka mabega yakashuka.

"Ni hisabati. Hisabati ya watu, nzuri sana. Nimeifuata yote isipokuwa jambo moja." Akafunua. "Hawa wote wana mshale wa kwenda mahali. Huyu mwekundu hana. Ila kila ukurasa mishale miwili inamwendea yeye. Kwa nini, Nassor?"

"Ndiyo kazi yangu, Maalim. Nasimama katikati. Wawili wakinigonga mimi, mwenzangu wa nyuma anabaki huru. Yeye ndiye anayemkamata mwenye mpira."

"Na sifa anapata nani?"

"Wa nyuma."

"Na wewe wapata nini?"

"Napata kuitwa tena wiki ijayo."

Alivua miwani akaifuta. "Basi hukukosea sana, Bi Zuwena," alisema taratibu.

Mama alimimina kahawa akanipa kikombe, upande wa kushoto. Kitabu nilikuwa nimekishika mkono wa kulia. Nikapokea kwa ule mwingine na kikombe kikaanguka, kahawa yote kwenye zulia la Maalim. Sijui kama alikusudia. Nadhani alikusudia.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Tangu mwaka jana. Nikiwa Kanada."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Maneno yalipotoka nilihisi wepesi mpaka nikaona haya. Maalim alikwenda kutafuta kitambaa na akakawia makusudi.

Kwenye treni ya kurudi Mama alisema, "Mimi nikiogopa umetegewa. Kumbe unakwenda mwenyewe." Hakuniomba niache. Angeniomba, ningekataa.

Jumatatu, 29 Aprili

Kitabu kiko mkobani. Hakuna aliyejua kilipokwenda. Hatari ile imepita na nimekula sahani mbili.

Kesho Ray. Akinigongea, basi, nimegongewa. Akinipita, nitacheza mpaka Juni. Nimeandika sentensi hizo mbili na sijui ipi inanitisha zaidi.

Jumanne, 30 Aprili

Ray aliingia saa mbili na nusu. Sote tukajifanya tunafunga viatu.

Akagonga kabati la mwisho, mara mbili. Akagonga moja karibu na mlango, mara mbili. Wawili. Wametimia. Aliponipita alinishika bega, jambo asilofanya kamwe. "Uko salama," alisema.

Salama. Miaka saba nimesubiri mtu aniambie neno hilo Jumanne. Nikaangalia mikono yangu. Wa kulia ulikuwa umeshika kamba ya kiatu. Wa kushoto ulikuwa unajaribu.

Nikachukua kitabu nikamfuata Ray koridoni.

"Sikukugongea wewe," alisema.

"Najua."

"Basi kitabu cha nini?"

"Nakipeleka mwenyewe."

Alinitazama, halafu akanifungulia mlango wa kocha. Niliweka kitabu mezani nikasema yote. Mkono, mwaka, Kanada, Jumamosi. Kocha si mtu mbaya.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungemtuma Ray."

Alifikiri. "Ni kweli," alisema, na tukacheka wote wawili, kicheko kibaya kidogo. Kisha aliona karatasi ya kaki. Akaivua polepole bila kuichana, akaikunja, akanirudishia. Ile si ya timu, alisema. Akamwita daktari.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kitupu niliporudi. Kiatu changu kimoja hakijafungwa. Nilikivua tu.

Alhamisi, 2 Mei

Hospitali. Wamepiga picha za shingo. Daktari, mama wa makamo asiyezungusha maneno, alinionyesha kwa ncha ya kalamu mahali ambapo mfupa umekuwa mwembamba na njia ya mishipa ya fahamu imebana. Mkono utarudi, kasema, sehemu kubwa, kwa miezi. Nikamwuliza, na kama ningecheza Jumamosi hii? Alisema huenda pasingetokea kitu. Au huenda tungekuwa tunazungumzia mwili mzima, si mkono tu.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Nilikaa kwenye benchi nje nikalia. Si kwa huzuni. Kwa nafuu, nafuu tupu, ya mtu aliyeteleza ukingoni na kujikuta bado kasimama. Mwanamke mmoja akanipa kitambaa akidhani nimefiwa. Nikamshukuru. Baadaye nikala chipsi za watu wawili.

Jumapili, 5 Mei

Mama kampigia simu dada yake, Unguja. Alipaza sauti, kama kawaida, utadhani simu hailipiwi. Nilisikia kutoka chumbani: "Ee, karudi moja kwa moja. Kamaliza masomo. Ndiyo, yote. Kapita!"

Sikumsahihisha.

Maalim naye kapiga. Kuna shule jirani yake, kasema, inatafuta mwalimu wa michezo, na wana uwanja wa tufe usiotumika. Nimesema nitakwenda kuangalia. Nimesema kuangalia tu.

Jumanne, 7 Mei

Jumanne. Nimelala mpaka saa tatu.

Shajara hii nimeivisha ile karatasi ya kaki. Imezidi kidogo pembeni, nikakunja. Vidole viwili vya kushoto vilisaidia.

Barafu imetoka frijini. Samaki wamerudi mahali pao. Nje mvua nyepesi, mabasi yanapita, jirani wa juu anavuta kiti.

Mlango uligongwa mara mbili. Moyo ulinipasuka kwa mazoea. Nikakaa kitandani, mikono juu ya magoti, nikasubiri maneno.

"Chai tayari," alisema Mama. "Njoo na kikombe. Kiko humohumo ulimokiacha jana."

Nilikwenda na kikombe.