Pipa Linaloamkiwa

Baba,

Pikapu yako haijauzwa. Naanza na hilo ili upumzike, maana nakujua: ungefufuka kwa ajili ya gari kabla ya kutufikiria sisi.

Ulipoondoka, Mama alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu hapa Nyamwaga. Alisema amechoka kugombania makaa na gari lisilojua petroli. Kweli Baba, ni nyumba gani nyingine ambako maharage yanalala mabichi kwa sababu makaa yameendesha gari kwenda sokoni? Nikamwomba safari moja tu. Tukakubaliana: ikifikisha ndizi Mugumu, inabaki, ikikwama, inakatwakatwa.

Nilifanya yote uliyonifundisha. Nilichekecha makaa, nikajaza lile pipa la nyuma linalogeuza makaa kuwa gesi ya injini, nikawasha, nikazungusha feni mpaka gesi ikashika moto kwenye bomba. Injini ikaitika. Kitu kimoja tu nilikiacha kwa makusudi: ule upuuzi wako wa kusimama njiani, kugonga pipa kwa spana mara tatu na kuliambia, "Shikamoo mzee, jipange twende." Mimi nimesomea ufundi chuoni. Siamkii pipa.

Mlimani, mimi na Mama tukiwa ndani, ikazima. Nikazungusha feni, ikakohoa tu. Mpita njia mmoja akadhani tunauza makaa, akauliza debe bei gani. Mama akamjibu, "Subiri kidogo, tutakuuzia na gari."

Nilitaka kulia, Baba. Nikachungulia kwenye tundu la kuwashia: makaa yalikuwa yameshikana juu, chini pamebaki pango tupu. Kumbe miaka yote ile ulikuwa unayaangusha! Mbona hukusema? Ulifurahi kuniona nakuonea aibu mbele za watu?

Nikachukua spana, nikagonga mara tatu. Makaa yakaporomoka. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Shikamoo mzee..."

Ndani ya gari, Mama akaitikia kwa sauti nzito kama yako: "Marahaba. Twende."

Tulicheka, kisha tukalia kabisa. Nikazungusha feni tena, injini ikaitika. Ndizi zilifika, nyingine zimeivia njiani.

Mama ameficha debe la makaa uvunguni kwa ajili ya maharage yake. Nimeliona, nimeliacha.

Lala salama, Baba. Nakuahidi, kila nikifika mlima ule nitasimama, nitagonga na kukuamkia. Mama amesema ataendelea kukuitikia.

Binti yako,
Bhoke