Mume Wangu Anamtafuta Fundi wa Barakoa, na Fundi Ni Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na unisamehe mwandiko, maana naandikia juu ya meza ya cherehani na mguu mmoja uko kwenye pedeli, ili mume wangu aliyeko sebuleni asikie mashine inazunguka adhani nafanya kazi.

Mimi ni fundi wa kushona, chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba na dirisha lake linatazama barabara, na mume wangu ni mwenezi wa chama chake hapa mtaani, cheo kisicho na mshahara lakini kina spika, na tangu ugonjwa huu uingie amekuwa mtu wa spika mpaka mezani, ukimwomba chumvi anakupa hotuba. Chama chake kinasema ugonjwa upo, au haupo, au upo kidogo, inategemea nani anazungumza siku hiyo, ila wote wanakubaliana kwamba barakoa ni mbinu ya serikali ya kuwaziba watu midomo kabla ya uchaguzi, na anayevaa amejisalimisha. Upande wa pili nao wamo, mwenye duka la dawa pale kona ni mtu wao, anawaita wasiovaa wauaji, tena anawaita kwa sauti kubwa, na ili sauti itoke vizuri huishusha barakoa yake mpaka kidevuni. Basi mtaani kwetu siku hizi humtazami mtu machoni, unamtazama kuanzia puani kushuka chini, ndipo unajua umsalimie vipi.

Sasa tatizo langu. Tunaishi na mama mkwe, mama mzazi wa huyu mwenezi, ana pumu ya siku nyingi, kifua chake kikianza kupiga filimbi unasimama ulipo, husogei mpaka kitulie. Wageni wa chama wanajaa sebuleni kila siku na kikao chao ni kupiga kelele na kukohoa, na siku moja mama akaja chumbani kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mwanangu, nishonee kitu cha kuziba pua. Hawa wenzake mumeo wanakohoa kama trekta lililonyimwa mafuta."

Nikamwambia, "Mama, na mwanao akiona?"

"Kamasi zake nimezipangusa mimi. Ataniambia nini kuhusu pua?"

Nikashona, na hapo ndipo nilipoharibu, kosa ambalo nadhani ni fundi tu anaweza kulifanya, kwa sababu fundi akiona kitambaa kinachotosha haoni kitu kingine: mkononi nilikuwa na vipande vilivyobaki vya sare za akina mama wa chama, ile rangi ya damu ya mzee yenye madoa meupe, pamba tupu, imesukwa kwa karibu, pumzi inapita mate hayapiti, na mimi kutupa kitambaa cha namna hiyo siwezi, mkono unagoma. Nikamshonea mama barakoa yenye rangi za chama kinachokataa barakoa. Naapa sikuliwaza hilo, nilikuwa nawaza mikunjo ya puani.

Mama akaivaa, akatoka nayo uani kuanika nguo, na muuza mkaa wa nyumba ya pili akamwona. Huyu muuza mkaa ndiye hubeba bendera kwenye maandamano, nikajua kwisha habari yangu. Akaja mpaka dirishani, akatazama huku, akatazama kule, akaninong'oneza, "Fundi, ile ya mama, unayo nyingine?"

Nikamwuliza, "Si wewe uliyesema ni mbinu ya serikali?"

"Zile za buluu ndizo za serikali. Hii ni yetu."

Kumbe ana mtoto mchanga ndani, na siku zote hizo alikuwa anaogopa hata kumbeba, ila aliogopa zaidi kuonekana amevaa kama watu wa upande wa pili. Baada yake wakaanza kuja wengine, mmoja mmoja, wameinamisha vichwa kama wananunua gongo, watu wa chama watupu, nami nikawashonea mpaka vipande vikaisha nikaingia kwenye jora zima la kitambaa cha sare, na sasa ukienda sokoni unakuta nyuso zimejaa damu ya mzee na madoa meupe, watu wameziba pua na mdomo na bado wanaitukana serikali, na wanasikika vizuri kabisa.

Wakubwa wa chama wamewaka. Mwenyekiti anasema ni hujuma, kwamba upande wa pili wameiba rangi zetu watucheke, na kwenye kikao hapo hapo sebuleni kwangu, mimi nawatilia chai, akamteua mume wangu amtafute huyo fundi na kumleta mbele ya mkutano wa Jumamosi. Mume wangu akasimama. "Mwenyekiti, nitampata hata awe chini ya kitanda changu!" Wakapiga makofi, mimi nikajaza chai mpaka ikaingia kwenye kisosi. Mama alikuwa mlangoni, akacheka mpaka kifua kikaanza filimbi, akasema, "Mtafute, baba, mtafute. Anza na wale wa mbali."

Na kweli amezunguka, amekwenda kwa mafundi wote wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini. Juzi akarudi na barakoa moja, akaigeuza ndani nje, akautazama mshono muda mrefu, akaniuliza, "Wewe unamwonaje fundi wa hii?"

Nikasema, "Anaonekana mtu wa haraka haraka."

Akasema, "Hapana. Ana mkono mzuri." Akaikunja akaitia mfukoni mwa shati, akaenda kuoga.

Yote hayo ningeyacheka, mshauri, lakini sasa kuna Jumamosi. Manispaa imekataza mikutano, kwa hiyo watakutana sebuleni kwetu, madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa ili askari wasione, watu wote watakaoweza kuingia waingie, bila barakoa hata mmoja, na mwenyekiti anataka mama akae kiti cha mbele, apigwe picha katikati yao, isambazwe kwenye simu, ajuza mwenye pumu hajavaa na hajafa. Mume wangu amekubali. Mama ameambiwa tu kwamba kuna picha, achague kitenge kizuri, na amekwisha kukipiga pasi. Mwenyekiti mwenyewe anakohoa tangu mwanzo wa wiki, anasema ni vumbi, na muuza mkaa ameninong'oneza kwamba mpiga picha wao hasikii harufu ya mafuta ya taa hata ukimwekea chini ya pua.

Nikisema mama asikae pale, wataulizana barakoa yake ilitoka wapi, itajulikana fundi ni nani, mume wangu ataaibika mbele ya wenzake, na pengine nitarudishwa kwetu na cherehani yangu kichwani. Nikinyamaza, mama anakaa kwenye kile kiti. Nimewaza kukata umeme siku hiyo, nimewaza kujiangusha kama nimezimia, nimewaza hata kumpenyezea habari mwenye duka la dawa awaite askari, lakini huko nitakuwa nimemuuza mume wangu mchana kweupe. Usiku nageuka upande huu, nageuka upande ule, yeye naye anageuka. Niambie, mshauri, nikifungua mdomo nitakuwa nimemsaliti mume wangu? Nijibu upesi, mguu umeanza kufa ganzi.

Mimi,
Fundi wa Dirishani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi wa Dirishani,

Utoe mguu kwenye pedeli upumzike. Mwanamume aliyeishi na cherehani ndani ya nyumba anajua mlio wa mashine yenye kitambaa na mlio wa mashine tupu. Humdanganyi, unajichosha.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Niliporudia nikakasirika, na hasira yangu nakuletea wewe kwanza kwa kuwa wewe ndiye uliyeniandikia. Umejaza karatasi na hofu ya kujulikana, halafu kifua cha yule mama ukakichomeka mwishoni kama pindo. Unawaza kukata umeme: gizani watu hawakohoi? Unawaza kuzimia: watakumwagia maji, watakuketisha pembeni, na picha itapigwa. Hizo ni mbinu za mtu anayetaka jambo lizuiwe bila yeye kuonekana kulizuia. Halipo jambo la namna hiyo, dada.

Na hilo la kwamba hukuwaza rangi, tusemezane kidogo. Barakoa ya kwanza nakuamini. Ulipolikata jora ulikuwa unajua vizuri sana unachofanya, na ulifanya jema. Muuza mkaa alikuwa amebanwa kati ya mtoto wake na bendera yake, ukampa njia ya kupita bila kuacha hata kimoja. Wakubwa wa pande zote mbili wameshindwa kufanya hivyo na wao wana spika.

Sasa mumeo. Sijamwona, nasoma tu ulichoniandikia. Lakini mpelelezi akipata ushahidi anaupeleka kwa aliyemtuma. Yeye ameukunja, ameutia mfukoni mwa shati, ameusifu mkono wa fundi mbele ya fundi, ameenda kuoga. Alikuachia mlango wazi, nawe ukaupita kando ukisema "haraka haraka". Mimi nadhani anajua. Kama anajua, basi mnaogopa mtu mmoja, yule mwenyekiti, kila mtu amejibanza kwenye kona yake ya kitanda, na mama wa watu yuko katikati anapiga kitenge pasi.

Usiache hilo likufanye umwonee huruma kupita kiasi. Mtu anayejua na bado amekubali kumkalisha mama yake mbele ya watu wanaokohoa, madirisha yamefungwa, amefanya jambo baya. Ni mwoga, na ni afadhali alisikie hilo kutoka kwako leo kuliko kulisikia kwa daktari wiki ijayo.

Umeuliza kuhusu usaliti. Safu hii haina chama, na mumeo ana haki ya kuipinga serikali asubuhi na jioni. Serikali ikifunga mikutano uchaguzi ukiwa mlangoni, mtu mwenye akili lazima aulize kwa nini, na mimi ningeuliza. Aulize kwa spika, aulize kwa barua, aulize akiwa amevaa au hajavaa, hayo ni yake. Kifua cha mama yake hakikujiandikisha kupiga kura upande wowote. Kukitoa kwenye kikao si kukisaliti chama, wala si kumsaliti mume. Na mwenye duka la dawa, kama anasoma hapa, apandishe barakoa juu ya pua na ashushe sauti. Watu wangapi wamekataa kuvaa kwa kuchukia tu namna anavyowaambia?

Fanya hivi, na uanze leo.

Ingia kwa mama kwanza. Mweleze picha ni ya nini, nani watakuwemo, nani anakohoa, nani hasikii harufu. Mnamjadili kama kabati la kuhamishwa, na ndiye mtu pekee katika nyumba hiyo aliyeomba barakoa bila kutazama rangi. Ana haki ya kukataa mwenyewe, na kwa ulimi wake ninavyousoma, hatahitaji msaada wa maneno.

Kisha mwite mumeo kwenye chumba chako cha kazi. Si sebuleni, sebule ni ya chama. Funga dirisha, mwambie mawili tu: "Fundi ni mimi. Na mama hakai kwenye kikao hicho." Usilie katikati. Akitaka kubishana juu ya la kwanza, mrudishe kwenye la pili mpaka alikubali. Msamaha wa kumficha mwombe, kwa sababu ulimficha. Msamaha wa kushona usiombe.

Akilainika, mwambie na mkutano wenyewe uondoke nyumbani kwenu. Wazungumze kwa simu. Hotuba za mumeo hazitaharibika zikikatwa katwa na mtandao, huenda zikapata nafuu. Na mwenye vumbi kifuani akapimwe.

Akikataa, usipige kelele na usimwite askari. Jumamosi asubuhi, kabla mgeni wa kwanza hajafika, chukua dawa ya mama ya kuvuta, chukua kitenge chake, mpeleke kwa ndugu yeyote mwenye nyumba yenye hewa na watu wachache, na mwambie mumeo mnakwenda wapi na kwa nini, ukimtazama usoni. Huyo hatakuwa mke aliyetoroka. Atakuwa mke anayejua anakoelekea, na aliyesema.

Utarudishwa kwenu? Sijui, na sitakudanganya ili ulale. Inaweza kutokea akakasirika, na inaweza kutokea chama kikamvua uenezi. Hayo yote yana siku nyingine ya kurekebishwa. Kifua kikizidiwa hakina siku nyingine.

Mwenyekiti naye akifika akaona kiti cha mbele kitupu, ataanza kuuliza. Mumeo asitafute udhuru. Amjibu kwa adabu zote: "Mheshimiwa, mama yangu hatakuja. Mlete wako."